Mzigo Urudi Mwisho: Jeraha la Paja na Njia ya Kurudi Kwenye Baiskeli

Mwendesha baiskeli wa Kirewa akiumia kidole, kesho yake yuko barabarani. Akiumia paja, nyumba nzima inatikisika. Katika sehemu hii ya wilaya ya Tororo, upande wa Padhola, baiskeli ndiyo inayopeleka muhogo kinuni, ndiyo inayoteka maji, ndiyo inayoshusha magunia ya mkaa sokoni na kumfikisha mgonjwa kituo cha afya pale pikipiki inapokosekana au nauli yake inaposhinda mfuko. Haihitaji petroli. Kinachoisukuma ni paja la mwenyewe, na paja hilo likigoma hakuna kipuri cha kununua dukani.

Jeraha la msuli wa paja, likiwa la kawaida, huisha kwa wiki chache. Kwa nini basi waendesha baiskeli wengi wa mpakani huwa nalo kwa miezi, wengine kwa miaka, likitulia na kurudi, likitulia na kurudi? Na mtu afanye nini ili apande tena bila kujitonesha? Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya hukawia kwa sababu mgonjwa hupewa njia mbili tu, kulala kabisa au kufanya kazi yote, na msuli hauponi kwa njia yoyote kati ya hizo. Hupona kwa kazi ndogo inayoongezwa kidogo kidogo, na mzigo wa kwenye karia ndio unaostahili kurudi mwisho kabisa. Hata hivyo, si kila paja linalouma limechanika msuli, na hilo lazima lichunguzwe kwanza.

Kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli ilizaliwa hapa hapa. Ilianza miaka ya 1960 mjini Busia, kwa kuvusha watu na mizigo katika kipande kilichokuwa kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya, ambako magari hayakuwa yakivuka kirahisi. Kutoka hapo ikaenea Malaba, Tororo, Mbale, Bungoma, Kisumu na kwingineko. Mwaka 2008 Kenya iliondolea pikipiki ndogo, zilizo chini ya sisi 250, kodi ya ongezeko la thamani, na vijana wengi wakahamia kwenye injini. Februari 2018 marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta wakazindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, msafiri akawa anakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Baiskeli haikufa. Imebaki kwa bidhaa ndogo ndogo za mpakani, na vijijini kama Kirewa imebaki kuwa chombo cha kila siku. Waliobaki juu yake mara nyingi ndio wale ambao hawakuwa na uwezo wa kununua pikipiki, yaani wale ambao siku moja bila kazi huwauma zaidi.

Tuiangalie kazi yenyewe. Baiskeli zinazotumika ni zile nzito za chuma, Phoenix za China, Hero na Roadmaster za India, Raleigh za zamani ambazo zimerithiwa kutoka kwa baba. Zina gia moja. Chombo chenyewe kina kilo 20 na ushei. Mwendeshaji tuseme ana kilo 65. Abiria ana 70. Jumla inapita kilo 150. Akishuka abiria, hubaki kama kilo 85. Kwa hiyo mlimani, ambako kazi kubwa ni kuinua uzito, kumbeba mtu mmoja kunakaribia kuzidisha mara mbili nguvu ambayo paja linapaswa kutoa kwenye kila pigo la pedali. Mwenye baiskeli ya mashindano angebadili gia, apige pedali haraka kwa nguvu ndogo. Wa Kirewa hana gia ya kubadili. Anasimama juu ya pedali na kusukuma kwa uzito wa mwili, mizunguko michache, mizito, huku barabara ya vumbi ikimyumbisha. Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ongeza matope.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya michezo haviligusi, kwa sababu wanaoviandika hawabebi watu. Mtu akiwa peke yake hupanda baiskeli kwa kuzungusha mguu nyuma, juu ya karia. Abiria akishakaa, au gunia likishafungwa, njia hiyo imezibwa. Mwendeshaji hulazimika kuinua goti mbele mpaka karibu na kifua na kupitisha mguu juu ya bomba la juu la fremu, huku mkono mmoja ukizuia chombo kisianguke na mzigo wake. Kwa mtu mwenye msuli wa nyuma ya paja uliochanika, au wa kwenye kinena, kitendo hicho kinachorudiwa mara kadhaa kwa siku kinaweza kumtonesha kuliko safari nzima. Nimewatazama wazee wa kazi hii wakiilaza baiskeli upande wao kabla ya kupanda, bomba likashuka, mguu ukapita chini chini. Mgonjwa aige hilo kuanzia siku ya kwanza.

Sasa jeraha. Mbele ya paja kuna misuli minne inayonyoosha goti, na hiyo ndiyo inayosukuma pedali chini. Nyuma kuna misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa kukalia, ikapita nyuma ya nyonga na kushuka hadi chini ya goti. Hiyo husaidia pedali inapofika chini na kugeuka. Msuli ukivutwa kupita uwezo wake, nyuzi zake hukatika, chache au nyingi. Uliokatika kidogo hutaka wiki moja hadi tatu. Wa katikati hutaka mwezi mmoja hadi miwili. Uliokatika sana unaweza kudai miezi mitatu au zaidi.

Lakini baiskeli haichani msuli wa nyuma ya paja mara nyingi kama mbio za miguu zinavyofanya. Ukikuta mwendesha baiskeli anayelalamika maumivu ya chini kabisa ya kalio, palepale anapokalia tandiko, yanayozidi akiinama au akikaa muda mrefu, na yameshapita miezi, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo liko kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa. Kano hupata damu kidogo na hubadilika pole pole. Miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ni kawaida, na anayejua hivyo mapema hakati tamaa wiki ya nne.

Kisha kuna pigo. Baiskeli imeteleza, usukani au bomba la fremu limegonga paja, damu imevujia ndani ya msuli na paja limevimba. Hapa ndipo ninapoomba tubadili mazoea yetu. Nyumbani mgonjwa hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu siku ile ile, mara nyingi na mtu anayempenda kwelikweli. Joto na kuchua katika siku za mwanzo huongeza damu inayovuja. Tena, damu nyingi iliyokwama ndani ya msuli mkubwa wa mbele ya paja huweza kugeuka mfupa. Baada ya wiki tatu au nne eksirei huonyesha kipande cha mfupa mahali ambapo hapastahili kuwa na mfupa, na goti linagoma kukunja. Kwa siku tatu nne za kwanza paja lifungwe bandeji isiyokaza mno, liinuliwe, goti likunjwe taratibu kwa kadiri linavyoruhusu. Mchuaji angoje. Baadaye mkono wake mwepesi hauna ubaya.

Nimesema uchunguzi utangulie, na sababu kubwa ni usaha. Katika nchi za joto upo ugonjwa wa bakteria wanaoingia ndani ya msuli mkubwa, hasa wa paja, na kutengeneza jipu la ndani kabisa ambalo ngozi ya juu hailionyeshi. Madaktari wa Uganda wanaufahamu kwa miongo mingi, kwa kuwa wodi za upasuaji hapa zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wake mara kwa mara. Mara nyingi huanza pale pale msuli ulipogongwa au kuchoshwa. Ndiyo maana mwendesha baiskeli hudhani ni lile lile teguko la juzi. Katika wiki ya kwanza au ya pili paja huwa gumu kama ubao, linauma, na homa ni ndogo. Kisha homa hupanda, mgonjwa anatetemeka, uvimbe unaongezeka; usaha umeshakusanyika. Watu husema malaria, wanameza dawa za malaria, siku zinapita. Jipu hili halitibiwi kwa mazoezi, wala kwa kuchuliwa, wala kwa vidonge vya dukani peke yake. Linataka kupasuliwa, usaha utoke, na dawa za kuua bakteria za kutosha. Likiachwa, bakteria huingia kwenye damu na mtu anaweza kufa. Wenye virusi vya Ukimwi au kisukari wako hatarini zaidi. Kipimo cha altrasaundi huliona jipu hilo bila shida, na mahali pasipo na altrasaundi, mhudumu mwenye uzoefu anayepewa historia yote ya ugonjwa anaweza kulishuku na kumpeleka mgonjwa mbele.

Yapo mengine, nitayapita haraka. Mwenye selimundu anayeumwa paja au kinena kwa muda mrefu apimwe nyonga, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu. Maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka nyuma ya mguu yakiwa na ganzi hutoka kwenye neva ya mgongoni, na kulinyoosha paja hakuyaponyi. Mguu mmoja uliovimba ghafla baada ya kulala kitandani siku nyingi unaweza kuwa na damu iliyoganda mshipani. Kifua kikuu cha mgongo au nyonga kipo bado katika eneo letu, na huja polepole, na jasho la usiku na kukonda.

Baada ya hapo, sindano. Mwenye paja baya huenda duka la dawa, anachomwa sindano ya kutuliza maumivu, na saa mbili baadaye yuko stejini akimpakia mtu. Simlaumu, kwa maana najua anachokimbilia. Lakini maumivu ndiyo taarifa pekee anayopewa na msuli wake, na ameizima wakati anapoihitaji kuliko siku zote. Dawa za aina ya diklofenaki zikizoeleka huchubua tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu anayefanya kazi juani bila maji ya kutosha. Na sindano ya kalioni yenyewe si jambo dogo: ikichomwa vibaya huweza kugonga neva kubwa ya mguu. Huko Kumi, mashariki hii hii ya Uganda, watoto wengi waliwahi kugunduliwa na makovu magumu ndani ya makalio yaliyowazuia kuchuchumaa, na madaktari waliyahusisha na sindano walizokuwa wamechomwa.

Turudi kwenye msuli wa kawaida usiopona, ambao ndio wengi wanao. Hadithi yake karibu kila mara ni ile ile. Mtu anaumia Jumatatu. Anapumzika siku tano, kumi, kitandani au chini ya mwembe. Maumivu yanapungua kwa sababu hafanyi lolote. Anajiona mzima, au fedha zinaisha kabla hajajiona mzima, anarudi stejini na abiria wa kwanza ni mtu mnene na mzigo wake. Paja linakatika tena, mara hii vibaya zaidi. Anapumzika tena, na kila pumziko linamnyang'anya nguvu nyingine, kwa kuwa msuli usiotumika hunyauka ndani ya wiki mbili kiasi cha kuonekana kwa macho. Baada ya mizunguko mitatu ya namna hiyo ana paja jembamba lenye kovu, na watu wanaanza kusema amelogwa.

Ushauri wa kulala kabisa ulikuwa na wakubwa wake. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin mwaka 1978 aliandika kanuni iliyoenea dunia nzima: mwenye jeraha apumzike, aweke barafu, afunge bandeji, ainue kiungo. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Mirkin huyo huyo alitangaza kwamba barafu na mapumziko kamili huenda yanachelewesha uponaji. Elimu ya sasa inasema hivi: siku chache za kwanza linda jeraha, kisha anza kulitumia mapema, ndani ya mipaka ya maumivu. Nyuzi mpya za msuli na kano hujipanga kufuata mvuto zinaoupata. Zisipovutwa, hujipanga ovyo. Na hata kwa wanamichezo wenye matibabu mazuri, misuli ya nyuma ya paja ina sifa mbaya ya kuumia upya, zaidi katika wiki za mwanzo baada ya kurudi kazini. Hivyo aliyetoneshwa mara ya pili asijione mjinga. Amekutana na tabia ya msuli wenyewe.

Anayetaka kuona kwamba fedha na madaktari havifupishi njia hii, amtazame Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza baiskeli chini ya David Kinjah, kule Kikuyu, kabla ya kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 12 Juni 2019, akikagua njia ya mashindano ya Critérium du Dauphiné karibu na mji wa Roanne huko Ufaransa, upepo ulimsukuma kwenye ukuta akiwa kasi. Alivunjika mfupa wa paja la kulia, kiwiko na mbavu, pamoja na majeraha mengine. Alifanyiwa upasuaji, akapata kila mtaalamu ambaye fedha inaweza kumpata. Februari 2020 alikuwa tayari anashindana Falme za Kiarabu. Mfupa ulikuwa umeunga. Nguvu haikuwa imerudi: mguu wa kulia ulibaki dhaifu kuliko wa kushoto kwa muda mrefu, naye alilisema hilo wazi. Siku yake nzuri kuliko zote baada ya ajali ilikuja Julai 2022, alipomaliza wa tatu juu ya mlima Alpe d'Huez, miaka mitatu na mwezi mmoja tangu kuanguka. Tour hakushinda tena. Kama bingwa aliyelindwa hivyo alihitaji miaka mitatu, kijana wa Kirewa aliyevunjika paja asione aibu kuhitaji mwaka mmoja, na jamaa zake wasimhimize.

Kwa aliyevunjika mfupa wenyewe, mambo hutegemea sana alivyotibiwa. Njia ya kuvutwa mguu kwa uzito kitandani kwa wiki nyingi huunga mfupa, lakini goti hukakamaa na paja hunyauka. Njia ya kuweka msumari wa chuma ndani ya mfupa humwezesha mtu kusimama mapema zaidi. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 Marekani na daktari Lewis Zirkle, limesambaza misumari inayoweza kuwekwa hata katika vyumba vya upasuaji visivyo na mashine ya eksirei ya papo hapo, na hospitali za Uganda na Kenya zimekuwa zikiitumia. Kwa njia yoyote, baiskeli hairudi mpaka daktari aseme mfupa umeunga, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita, na mazoezi ya goti huanza mapema kabla ya hapo.

Kazi ndogo ya kuuponya msuli haidai jimu. Hatua ya kwanza ni kukaza bila kusogea: ukiwa umekaa, sukuma kisigino ardhini kana kwamba unataka kukirudisha nyuma, shikilia kwa kadiri ya sekunde 30, achia, rudia mara tano. Kwa msuli wa mbele, nyoosha goti na kulikaza. Maumivu yakiruhusu, lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua makalio juu, kwanza kwa miguu yote, baadaye kwa mguu mmoja. Kisha kigoda: kaa na kuinuka taratibu, ukishuka polepole kuliko unavyopanda, maana msuli hujengeka vizuri unapozuia uzito ukishuka. Siku moja fanya, siku moja acha.

Na baiskeli yenyewe inaweza kuwa dawa wiki nyingi kabla ya kuwa kazi. Kila anayepita stejini amewaona waendeshaji wamekaa juu ya matandiko yao wakingoja wateja, baiskeli zikiwa zimesimama kwenye stendi ya nyuma ambayo huinua gurudumu juu ya ardhi. Stendi hiyo, fundi akiiimarisha, ni mashine ya mazoezi. Panda hapo, ukiegemea ukuta kwa bega au mkono, piga pedali gurudumu likizunguka hewani. Dakika tano, baadaye kumi, baadaye ishirini. Hakuna mlima wala abiria. Mtu akitaka ugumu kidogo, abane breki ya nyuma kwa kidole. Nimeona wagonjwa wakinung'unika kwamba hii ni michezo ya watoto. Ndicho hasa kiwango ambacho msuli ulioumia unakihitaji.

Kipimo cha kuendelea ni asubuhi ya pili. Wakati wa zoezi, maumivu madogo, tuseme 3 kati ya 10, hayana hatari. Ukiamka kesho yake na paja liko kama lilivyokuwa jana, ongeza kidogo. Likiwa limekaza au linauma zaidi, rudi hatua moja, usirudi kitandani. Kanuni hii ni rahisi na mtu hahitaji kujua kusoma ili aifuate.

Kutoka kwenye stendi, mpangilio ninaoutetea ni huu. Barabara tambarare, baiskeli tupu, asubuhi kukiwa na ubaridi. Baadaye barabara ya vumbi yenye mashimo, bado tupu. Mlimani shuka ukokote. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukokota baiskeli. Kisha mzigo uliotulia, dumu moja la lita 20, ambalo ni kilo 20, halafu mawili. Mzigo uliofungwa vizuri ni mwepesi kwa paja kuliko abiria wa uzito huo huo, kwa kuwa abiria huyumba na kugeuka kuamkia watu. Abiria mwepesi kwenye tambarare hufuata. Mlima na abiria ni wa mwisho. Kila hatua ichukue angalau wiki moja, na kabla ya kupakia mtu, mgonjwa ajipime: akae kwenye kiti na kuinuka kwa mguu mmoja mpaka achoke, ahesabu, abadilishe mguu. Mguu ulioumia ukifikia mara 9 pale mzima unapofikia 10, yuko tayari. Ukiishia 5, hayuko tayari hata kama hauumi kabisa.

Kabla ya kurudi, fundi aitazame baiskeli. Wengi hushusha tandiko chini sana ili miguu ifike ardhini abiria anapopanda, na sababu yao ni ya maana. Lakini tandiko la chini hulazimisha goti kukunja mno na kuitesa misuli ya mbele. La juu mno nalo huvuta misuli ya nyuma kila pedali inapofika chini, na nyonga huanza kucheza kulia na kushoto. Kipimo cha zamani kinatosha: ukiwa umekaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukihamishia pedali kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunja kidogo. Anayekodi baiskeli ya mtu kwa siku aombe spana kila asubuhi, kwa sababu aliyeitumia jana ana miguu mingine. Cheni kavu na tairi laini nazo zilipwe kwa mafuta na bomba, kwani gharama yake ya kweli hutolewa na paja.

Wapo ambao paja halitarudi. Mpakani Busia tumewaona kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao waliopata polio utotoni, wakiendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono na kuvusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda. Ni wafanyabiashara kamili, wana wasaidizi wa kusukuma, wanalisha familia. Ninawataja kwa sababu aliyeambiwa kwamba hatapanda tena baiskeli ya kawaida anastahili kuoneshwa kwamba njia nyingine ya kazi ipo, tena iko mita chache kutoka steji yake ya zamani.

Limebaki suala la fedha, na hapa ndipo mazoezi yote niliyoyaandika yanaposimama au kuanguka. Uganda iliondoa malipo ya matibabu katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini nauli ya kwenda hospitali yenye mtaalamu wa fiziotherapia, Tororo au Mbale, bado ni ya mgonjwa, na siku anayoenda ni siku asiyoingiza kitu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo apumzike wiki sita, umemwambia asile. Ndiyo maana njia ya katikati ina faida mbili: ni bora kwa msuli na inaruhusu kipato kidogo. Kinachokosekana ni mtu wa kuipanga.

Mtu huyo yupo. Kila steji ina mwenyekiti wake, ina zamu zake, na nyingi zina chama cha kuweka akiba. Wenyeviti wa Busia, Malaba, Tororo na njia za Kirewa, mwenzenu akiumia paja msimfute kwenye orodha na msimwite kabla ya wakati. Mkishajua hana homa wala jipu, mpeni mizigo myepesi ya tambarare, dumu la maziwa, barua, dawa ya mgonjwa, kwa wiki sita. Abiria wake wachukueni ninyi, na chama kilipe nauli yake moja ya kwenda kwa mtaalamu. Na wewe unayekaa kwenye karia, ukifika chini ya kilima na kumwona anavuta mguu, shuka utembee naye mpaka juu.